Kihisi cha glukosi kinapogoma: maswali yenu kuhusu kupima kwa mwanga

Safari hii barua karibu zote zinahusu jambo moja: vihisi vya glukosi vyenye rangi inayong'aa ikimulikwa, ambavyo kimeng'enya au protini yake imeshikizwa kwenye kioo, jeli au ncha ya uzi wa kioo ili isichukuliwe na maji. Wengi mnailaumu rangi. Ina makosa yake, nayo tutayataja, lakini katika barua nyingi hapa chini rangi ilikuwa inasema kweli tupu. Kosa lilikuwa kwenye kushikiza, kwenye oksijeni, au kwenye maji ya kulinganishia, yaani yale yenye kiasi cha glukosi kinachojulikana.

Nimezoea vijiti vya kupimia sukari vinavyotumia umeme. Hivi vya mwanga vinaionaje glukosi, ilhali yenyewe haing'ai?
*Mwalimu wa kemia*

Haing'ai kweli, na ndiyo maana lazima apatikane shahidi wa kuisemea. Mashahidi ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho hutolewa zaidi kwenye kuvu Aspergillus niger. Kila molekuli ya glukosi kinayoibadilisha hula molekuli moja ya oksijeni na kuacha glukonolaktoni pamoja na hidrojeni peroksaidi. Leland Clark na Champ Lyons walipendekeza mwaka 1962 kimeng'enya hiki kiwekwe mbele ya elektrodi, na vijiti ulivyozoea ni vitukuu vya wazo hilo. Kwenye kihisi cha mwanga, mahali pa elektrodi hukaa rangi yenye ruteni au platinamu ambayo oksijeni huizima. Glukosi ikipanda, oksijeni hushuka, rangi hung'aa zaidi.

Wa pili ni protini inayoishika glukosi bila kuila. Inayopendwa zaidi hutoka kwa bakteria E. koli: ina vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, na glukosi ikiingia katikati hufunga kama kitabu. Rangi ikibandikwa karibu na bawaba, mazingira yake hubadilika na mng'ao wake pia. Kabla ya hiyo, mwaka 1982, Jerome Schultz na wenzake walitumia konkanavalini A, protini ya mmea, iliyoshika dekstrani (mnyororo mrefu wa sukari) yenye rangi. Glukosi ilipoingia iliisukuma dekstrani kando, na mwanga ukaongezeka. Ni wazo zuri, ila konkanavalini A ina tabia ya kugandamana kadiri siku zinavyopita.

Wa tatu ni asidi ya boroni, kemikali tupu isiyo na protini. Wenye msimamo mkali watasema hicho si kihisi cha kibayolojia. Sawa, lakini ndicho kilichofika chini ya ngozi za watu, na tutakirudia.

Kihisi changu kina glukosi oksidesi juu ya rangi ya platinamu iliyo ndani ya polistairini. Kuanzia sifuri hadi milimoli 2 kwa lita mwanga unapanda vizuri, kisha unanyooka. 5 na 20 zinasomeka sawa! Nimeongeza kimeng'enya mara mbili, mambo yakaharibika zaidi.
*Mwanafunzi wa uzamili*

Umeongeza walaji, hukuongeza chakula.

Maji yaliyokutana vya kutosha na hewa, kwenye nyuzi 37, yana oksijeni kama milimoli 0.21 kwa lita. Sampuli yako ya milimoli 5 ina glukosi zaidi ya mara 20 ya hiyo, na kila molekuli moja ya glukosi inadai moja ya oksijeni. Ndani ya tabaka la kimeng'enya oksijeni inakwisha kabla glukosi haijakwisha. Ikishakwisha, rangi imefika kilele cha mng'ao wake na haina pa kwenda, hata ukimimina asali. Kimeng'enya kingi kinaifikisha kwenye kilele hicho mapema zaidi, na ndicho ulichokiona.

Dawa yake ni kuipunguza glukosi mlangoni na kuiachia oksijeni ipite. Weka utando wa poliurethani juu ya tabaka la kimeng'enya. Yeyusha poliurethani ya kiwango cha kitabibu kwa asilimia 4 hadi 5 ndani ya tetrahaidrofurani, chovya ncha ya kihisi kwa sekunde chache, itoe polepole, iache ikauke usiku kucha. Pima. Mstari ukinyooka bado mapema, chovya tena. Kila mchovyo unapanua masafa ya kipimo na kukipunguzia kihisi wepesi wa kujibu. Kwa kawaida michovyo miwili hadi minne inatosha, na ukizidisha utakaa unasubiri dakika nyingi jibu litulie.

Hapa pana mitego miwili. Tetrahaidrofurani inayeyusha polistairini, kwa hiyo tabaka la kimeng'enya likiwa na tundu, kimiminika kitapenya na kuivuruga rangi iliyo chini. Utaona madoa meupe yenye ukungu kwenye ncha. Pia usichovye tabaka likiwa na majimaji: poliurethani itaganda kabla ya wakati na kutoka na matobo.

Kama sampuli zako si za mwilini bali ni za chupa, kuna njia fupi: zizimue mara 50 kwa bafa (maji yenye chumvi za kushikilia pH) iliyojaa hewa, upime ndani ya masafa ambayo kihisi kinayamudu. Hakuna aibu katika hilo.

Jambo moja hukulitaja kwenye barua, na tunahisi hulifanyi. Unahitaji kihisi pacha kisicho na kimeng'enya, chenye albumini tupu mahali pake, kiwe ndani ya sampuli hiyohiyo. Oksijeni ya sampuli yenyewe hupanda na kushuka kwa joto na kwa kukorogwa. Bila pacha, chupa iliyokaa imefunikwa itaonekana ina glukosi nyingi kuliko iliyotikiswa.

Naomba hatua za kushikiza glukosi oksidesi kwenye kioo kwa APTES na glutaraldehaidi. Nimejaribu mara tatu. Mara ya mwisho kioo kilikuwa na utando mweupe na kimeng'enya kilioshwa chote.
*Fundi wa maabara*

Utando mweupe unatuambia karibu kila kitu: APTES yako, kemikali inayopachika vikundi vya amini kwenye kioo, imeshikana yenyewe kwa yenyewe badala ya kushikana na kioo. Hufanya hivyo ikikutana na unyevu. Chupa iliyofunguliwa miezi mingi, au yenye ukungu ndani, itupe.

Kioo kioshe kwa sabuni ya maabara, suuza, kisha kiloweke kwenye sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita kwa saa moja. Suuza kwa maji safi mpaka tone la maji litandae lote badala ya kujikusanya kama shanga. Hicho ndicho kipimo cha usafi, na anayeiruka hatua hii hupoteza siku mbili. Kausha. Changanya APTES asilimia 2 ndani ya ethanoli ya asilimia 95, muda huohuo unaotaka kuitumia. Loweka kioo dakika 30 bila kuzidisha, suuza mara tatu kwa ethanoli, kisha kioke kwenye oveni nyuzi 110 kwa dakika 20. Kikitoka kiwe angavu. Kikiwa na ukungu, anza upya. Hakuna kitakachoshika juu ya ukungu huo kwa muda mrefu.

Fuata na glutaraldehaidi, inayounganisha amini za kioo na za kimeng'enya, asilimia 2.5 ndani ya bafa ya fosfeti, pH 7, saa moja, kwenye kabati la kuvuta hewa na glavu mkononi, maana inachoma macho na mapafu. Suuza vizuri sana: mabaki yake yatashikamanisha molekuli za kimeng'enya ndani ya bafa badala ya kwenye kioo. Weka kimeng'enya miligramu 5 kwa mililita ndani ya bafa ileile, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Asubuhi funga mikono iliyobaki wazi kwa glisini moli 0.1 kwa lita, dakika 30.

Usitumie bafa ya Tris kabla ya hatua hii ya mwisho. Tris yenyewe ina kundi la amini, kwa hiyo itakamata glutaraldehaidi yote na kimeng'enya kitakuta viti vimejaa. Tumeliona kosa hili kwenye barua nyingi kuliko kosa lingine lolote, na huenda ndilo lililooshesha kimeng'enya chako.

Lakini hata ukifanikiwa, kioo bapa hubeba tabaka moja jembamba la kimeng'enya, na kwa kihisi cha oksijeni mara nyingi hilo halitoshi kuonekana. Ukitaka tabaka nene, acha APTES. Yeyusha kimeng'enya miligramu 10 na albumini ya ng'ombe miligramu 50 katika mililita 1 ya bafa ya fosfeti. Chukua mikrolita 100, ongeza mikrolita 20 za glutaraldehaidi asilimia 2.5, changanya kwa pipeti bila kutoa povu, tandaza mara moja. Utaiona inageuka manjano hafifu na kuwa jeli. Ikiganda kwenye pipeti ulichelewa. Punguza glutaraldehaidi kwa nusu. Ikibaki majimaji baada ya saa nzima, glutaraldehaidi yako imezeeka. Ukiizidisha, jeli itakuwa ngumu na nzuri kwa macho, lakini kimeng'enya ndani yake kitakuwa kimefungwa mikono na miguu.

Punje zangu za aljineti zenye kimeng'enya na rangi zililainika na kuyeyuka baada ya saa chache. Aljineti ilikuwa asilimia 2, kalsiamu kloraidi moli 0.1 kwa lita. Napimia kwenye bafa ya fosfeti.
*Msomaji wa muda mrefu*

Sababu umeiandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Kalsiamu ndiyo inayozishika nyuzi za aljineti (jeli ya mwani), na fosfeti huinyang'anya. Sitreti na EDTA, kemikali zinazokamata metali, hufanya vivyo hivyo, kwa kasi zaidi. Hamia bafa ya HEPES au Tris pH 7.4 yenye kalsiamu kloraidi milimoli 2 hadi 5 kwa lita. Hata hivyo aljineti ina matundu mapana, na rangi ndogo itatoka hata punje zikiwa imara. Iunganishe kwanza na dekstrani nzito.

Nimetengeneza protini ya kushika glukosi kutoka E. koli na kuibandika rangi ya Badani. Nikiongeza glukosi, mwanga haubadiliki kabisa. Protini imekufa?
*Mwanakemia wa protini*

Inawezekana sana kwamba imeshiba. Protini ya asili huishika glukosi kwa nguvu mno: Kd yake, yaani ukolezi wa glukosi unaofunga nusu ya protini, ni kama mikromoli 0.2 kwa lita. Kiasi cha protini kilichofungwa unakipata kwa kugawanya ukolezi wa glukosi kwa jumla ya ukolezi huo na Kd. Ukianza na milimoli 1 kwa lita, tayari asilimia 99.98 imefungwa. Ukipanda hadi 10, hakuna iliyobaki ya kufungwa. Zaidi ya hapo, protini hutoka kwenye bakteria ikiwa imeshika glukosi ya chakula chao na haiachii kwa kuoshwa mara moja. Weka kwenye mfuko wa dayalisisi, badilisha bafa angalau mara nne kwa siku mbili.

Ukilenga damu, unahitaji protini iliyodhoofishwa kwa makusudi. Watafiti wa King's College London walibadilisha asidi amino mahali patatu: histidini ya 152 ikawa sisteini ya kubandikia rangi, alanini ya 213 ikawa ajinini, lusini ya 238 ikawa serini. Kd ikapanda hadi karibu milimoli 11 kwa lita. Sasa fanya hesabu ileile: kwenye milimoli 5 imefungwa asilimia 31, kwenye 10 asilimia 48, kwenye 20 asilimia 65. Huo ndio mlima unaopandika. Protini hiyo ikishikizwa Kd husogea kidogo, kwa hiyo ipime upya ikiwa mahali pake. Usitumie namba ya kwenye kuveti (kichupa cha kupimia mwanga).

Kagua na kubandika kwenyewe. Kama ulitumia DTT, kemikali yenye salfa kama sisteini yenyewe, kuifungua sisteini, lazima uiondoe yote kwa safu ya kuchujia kabla ya kuweka rangi, la sivyo DTT ndiyo itakayobandikwa. Rangi iwe mara 10 ya protini kwa moli, iongezwe kidogo kidogo, na DMSO, kiyeyushi cha rangi, isizidi asilimia 5. Acha usiku kucha kwenye giza, nyuzi 4. Na kama unaishikiza kwenye punje zenye nikeli kwa mkia wa histidini, jihadhari na DTT tena: punje zikigeuka kahawia, nikeli imeharibika. EDTA nayo ina hasara mbili, huing'oa nikeli kwenye punje na kalsiamu kwenye protini yenyewe.

Mwanga wa kihisi changu unashuka kila saa ingawa glukosi haijabadilika. Nimeambiwa rangi inapauka. Nitajuaje?
*Mhandisi wa vifaa*

Kizime. Acha kihisi gizani ndani ya bafa kwa saa mbili, kisha pima mara moja tu. Kama mwanga uko palepale ulipouacha, taa yako ndiyo inayoipausha rangi. Kama umeshuka hata gizani, kuna kitu kinatoka au kinajikunja vibaya. Chukua bafa iliyokizunguka, iweke kwenye kuveti, iangaze: iking'aa, rangi inavuja, na unarudi kwenye kushikiza. Isipong'aa, protini inaharibika ikiwa mahali pake. Pima pia joto kabla ya kushutumu yeyote, kwa sababu rangi nyingi hufifia joto likipanda, na taa ya LED iliyo karibu huongeza joto la ncha bila mtu kuona.

Kupauka kunapunguzwa kwa kumulika kidogo. Mmuliko wa sekunde 0.1 kila dakika ni mara 600 chini ya kumulika mfululizo, na glukosi haibadiliki kwa kasi ya kukulazimisha zaidi ya hapo. Ukiweza, acha kupima ukali wa mwanga. Pima muda unaochukua kufifia baada ya kila mmuliko. Muda huo hautegemei kwa kiasi kikubwa rangi imebaki kiasi gani. Kwa rangi za ruteni ni mikrosekunde chache, na za platinamu makumi ya mikrosekunde, hivyo saketi ya kawaida inaumudu.

Kwenye kihisi cha oksijeni, zingatia upande kosa linakoelekea: mwanga ukipungua kwa kupauka, chombo kinadhani oksijeni imeongezeka, yaani glukosi imeshuka. Katika kisukari, kosa hilo linaficha sukari iliyopanda.

Maji yangu ya kulinganishia yanasoma chini asubuhi na juu jioni. Chupa ni ileile.
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu*

Uliyatengeneza asubuhi, bila shaka. Unga wa glukosi kwa kawaida ni wa umbo la alfa, na glukosi oksidesi inataka la beta. Likiwa majini, umbo hujigeuza polepole mpaka kufikia alfa kama asilimia 36 na beta 64. Yatengeneze jioni, yalaze usiku kucha kwenye joto la chumba, yatumie kesho. Tazama pia lebo ya chupa: gramu 18.02 katika mililita 100 ni moli 1 kwa lita kama unga ni mkavu, lakini wenye maji ndani unahitaji gramu 19.82. Asilimia 10 ya kosa inakaa hapo kimya kwa miaka.

Vihisi vya mwanga vya kupandikizwa mkononi vinadumuje muda mrefu, na kwa nini wanaulizia antibiotiki?
*Msomaji mwenye kisukari*

Kile kiitwacho Eversense kiliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa siku 90, na mwaka 2024 kikaruhusiwa kwa siku 365. Hakina kimeng'enya cha kufa wala hakihitaji oksijeni; kina jeli yenye asidi ya boroni. Adui yake mkubwa ni peroksaidi ambayo mwili hurushia kitu kigeni, nayo huiunguza boroni. Ndiyo maana kina platinamu ya kuivunja peroksaidi hiyo, na pete inayotoa deksamethasoni kidogo kidogo kutuliza uvimbe.

Antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini zinaweza kukifanya kisome chini ya ukweli. Manitoli ya kwenye mshipa hukifanya kisome juu, kwa kuwa boroni hushika vikundi vya haidroksili vilivyo jirani bila kujali ni vya nani. Ukiandikiwa mojawapo, mwambie daktari kuwa una kihisi hicho, na uhakikishe kwa tone la damu kidoleni kabla ya kuamua kipimo cha insulini.

Naweza kusoma mwanga kwa kamera ya simu?
*Ndugu yenu asiye na bajeti*

Unaweza, ukiinyima simu akili. Funga muda wa picha, wepesi wa kunasa mwanga na uwiano wa rangi kwa mkono, maana kamera ikijirekebisha itaufuta ukuaji uleule unaoutafuta. Hifadhi picha ghafi. Zilizobanwa zimepindwa kulifurahisha jicho. Weka plastiki nyekundu mbele ya lenzi, kisha piga picha ya kihisi kisicho na rangi chini ya taa yako ya bluu. Chochote kitakachoonekana hapo ni taa inayovuja, na utakitoa kwenye kila kipimo.